Kelele Zilitoka Sakafuni

Kwetu Garsen, mji wa bonde la Mto Tana, friji haiwi ya mtu mmoja. Ukishaishusha garini na kuiingiza ndani, imekuwa ya mtaa. Jirani ataleta kambale aliyemnunua jioni kwa wavuvi wa mto, akuombe umhifadhie hadi kesho. Mama wa Kiorma anayeuza maziwa stendi atabisha hodi na madumu yake mawili kwa sababu gari la Malindi halijaonekana. Ramadhani ikiingia, watoto watajipanga mlangoni kabla ya magharibi, kila mmoja na sarafu yake ya barafu mkononi. Iddi ya kuchinja ikifika, nyama ya nyumba nne tano italala humo humo, kila mfuko umefungwa fundo ambalo mwenyewe atalitambua. Hakuna anayedaiwa kwa kuhifadhiwa kitu, na mtu akitaja malipo ataonekana mgeni.

Friji yetu ilikuwa na mzigo mkubwa kuliko huo wote. Mama yangu ana kisukari, na anaishi kwa insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae kati ya digrii 2 na 8, na isigande kamwe, maana insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Dawa hiyo tunaitunza katika mji ambao joto la mchana, Februari na Machi, hupita digrii 33. Kwa hiyo friji ilipoanza kupiga kelele, kukosa usingizi ndiko kulikokuwa hasara ndogo.

Ilikuwa baada ya mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023. Wanaoishi huku wanayakumbuka: mvua za El Nino zilizojaza Mto Tana hadi ukatoka kingoni, barabara ya kwenda Garissa ikakatika, watu wakahamia kwenye miinuko na mbuzi wao na magodoro yao. Nyumbani kwetu maji hayakuingia ndani. Yalifika uani, yakatuama, yakaondoka. Kisha likaja jua. Kufikia Februari ua ulikuwa umepasuka nyufa ambazo mtoto angeweza kuingiza mkono mzima, na friji ilikuwa inaunguruma.

Nasema inaunguruma kwa sababu ndilo neno tulilolitumia siku za kwanza, na neno hilo moja lilituchelewesha. Kelele zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa mtetemo mzito kutoka nyuma, chini, unaoanza friji inapowaka na kumalizika kwa kishindo kila inapozima, hadi vikombe vya juu vikagongana. Ya pili ilitoka juu, ndani ya sehemu ya kugandishia: krr, krr, krr, mfululizo, halafu kimya, halafu tena. Ya tatu tuliisikia usiku tu. Mvumo wa sekunde chache, kisha "ta!", kimya cha dakika kadhaa, mvumo, "ta!" tena. Masikio ya nyumba nzima yaliziunganisha zote tatu yakazipa jina moja, kelele za friji, na ugonjwa wenye jina moja hutafutiwa dawa moja.

Dawa hiyo ililetwa na fundi wa kwanza. Alisimama mbele ya friji kwa muda mfupi, akainama kidogo, akasikia kile kishindo cha kuzima, akaniambia, "Mwalimu, kompresa imekwisha. Inataka mpya, na gesi ijazwe upya." Bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya mshahara wangu. Hakuivuta friji kutoka ukutani. Wala hakuuliza kelele zilianza lini.

Hukumu hii ndiyo ya kawaida zaidi niliyoisikia pwani yote, kutoka Lamu hadi Mombasa, na ina sababu yake. Kompresa ndicho kitu kikubwa kinachotikisika ndani ya friji, hivyo kila mtikisiko hubandikwa jina lake. Na kazi ya kubadilisha kompresa ni kazi inayoonekana: kipuri kikubwa, mtungi wa gesi, moto wa kuunganishia mabomba. Mteja huona alicholipia. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu nadhani sisi wateja ndio tulioijenga tabia hiyo.

Aliyeizuia kazi hiyo ni Mjomba, kaka yake Mama. Mjomba hajawahi kuwa fundi wa friji. Alikuwa mhudumu wa zahanati miaka mingi, huko huko bondeni, wakati ambapo stima ilikuwa habari ya Malindi. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kulinda friji ya chanjo, na friji hiyo iliwaka kwa mafuta ya taa.

Vijana wetu hawazijui tena friji zile, nami naona zinastahili kuelezwa. Wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, ndio waliovumbua aina hiyo mwaka 1922. Haina kompresa, haina feni, haina kitu kinachozunguka. Ndani ya mabomba yake kuna amonia, maji na haidrojeni. Utambi unawaka chini, moto unaichemsha amonia itoke ndani ya maji, amonia inapanda, inapoa na kuwa majimaji, inavukizwa tena kwenye chumba cha baridi na kubeba joto la humo, kisha inarudi kumezwa na maji na kuanza safari upya. Moto unaleta baridi. Mjomba alikuwa akituonyesha ule mwali mdogo wa buluu kwa fahari ya mtu aliyekabidhiwa siri, na akitukataza kupuliza au hata kusema karibu nao. Friji yenyewe haikutoa sauti yoyote. Chanjo za surua na polio za watoto wa vijiji kadhaa zililala ndani ya ukimya ule.

Lakini friji ya mafuta ya taa ina sharti moja lisilosamehewa: lazima isimame sawasawa. Majimaji ndani yake hurudi chini kwa kuteremka tu, hakuna mota ya kuyasukuma. Friji ikiinama, amonia hutuama pasipotakiwa, na baridi hukatika huku moto ungali unawaka vizuri. Mhudumu asiyejua ataongeza mafuta, atakata utambi, atasafisha dohani, na chanjo zitaharibika mbele ya macho yake. Mjomba aliniambia kwamba kila baada ya masika alikuwa akienda na bilauri ya maji kabla ya kwenda na kibiriti.

Kila baada ya masika, kwa sababu ya udongo. Bonde la Tana limejaa udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wajenzi wanauogopa kwa haki. Ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi uliochimbwa hadi kwenye udongo mgumu huenda na kurudi mwaka hadi mwaka. Utaona ufa ukipanda juu ya dirisha wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa mvua. Utaona mlango uliokuwa ukifunga vizuri Desemba ukikwaruza sakafu Machi. Watu wa huku wanajua kupunguza mlango kwa randa. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akiihusisha sakafu hiyo hiyo na friji.

Mjomba alikuja kumjulia hali Mama. Nilimpa shikamoo, nikamwekea kiti, na kabla chai haijafika friji ikazima kwa kishindo chake. Akanyamaza. Ilipowaka tena akainua kidole tusiseme. Kisha akaanza kuniuliza maswali, na nayakumbuka kwa mfuatano wake, kwa sababu mpaka leo ndiyo ninayoyauliza mtu anaponiambia friji yake inapiga kelele. Ilianza lini? Kabla ya hapo mlifanya nini, mliihamisha? Inalia ikiwa inawaka tu, au hata ikizima? Mchana ni sawa na usiku? Ukifungua mlango inabadilika? Ukiiwekea mkono je?

"Hebu iwekee mkono, mwanangu," akasema.

Nikabana kiganja changu ubavuni mwa friji, karibu na kona ya chini. Mtetemo ukapungua. Nikakandamiza kona ya mbele upande wa kulia, ukakatika kabisa. Nikaondoa mkono, ukarudi.

"Kompresa iliyokufa haitulizwi kwa kiganja," akasema Mjomba. "Leta bilauri."

Bilauri iliyonyooka pande zote, maji nusu, juu ya friji. Maji ndani yake yalikuwa yameinama upande mmoja. Tukashika pembe tukaivuta kutoka ukutani, na ndipo nyumba yetu ikatueleza kila kitu. Ufa ulikuwa umepita sakafuni chini ya friji, upande wa dirisha umeshuka. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa unaning'inia, hakuna unachokanyaga. Friji ilikuwa imesimama kwa miguu mitatu na bega lake limeegemea ukuta, na ukuta mzima ukawa ngoma yake.

Nyuma tuliona mengine. Kompresa hukaa juu ya raba nne ili mtetemo wake usipite kwenye bati. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimekauka kwa joto hadi zikawa ngumu na kulala upande. Kwa kuwa kompresa imeegemea, bomba la shaba linalotoka kwake lilikuwa linagusa bati la mwili wa friji, na pale lilipogusa palikuwa pamesuguliwa paking'aa. Kile kishindo cha kuzima nacho kina maelezo. Ndani ya lile gamba jeusi la chuma, mota na pampu yake vimening'inizwa kwenye springi. Mashine ikisimama huyumba mara moja kabla ya kutulia. Ikiwa friji imesimama wima, kuyumba huko hakugusi kitu. Ikiwa imeinama, pampu hugonga ukuta wa gamba lake. Fundi aliyesikia mgongano huo alisikia kweli. Alichokosa ni kujua kwamba kompresa yenyewe ilikuwa nzima.

Kuirekebisha hakukuhitaji mtaalamu. Tuliweka ubao mgumu wa mvule chini ya upande ulioshuka, si matofali, maana tofali moja moja nalo huzama peke yake. Tukazungusha miguu ya mbele, ambayo kwenye friji nyingi ni skrubu, hadi maji ya bilauri yakalingana na mdomo wake kushoto na kulia. Mbele tuliiacha juu kidogo kuliko nyuma, ili mlango ukiachiliwa ujifunge wenyewe. Raba tulinunua. Bomba la shaba tulilisogeza taratibu kwa vidole, huku stima imezimwa, likaachana na bati kwa nafasi ya penseli. Bomba hilo lisikunjwe kwa nguvu na lisigeuzwe kwa koleo. Likivunjika, gesi imetoka, na hapo ndipo gharama halisi zinapoanza. Vumbi lililojaa kwenye mabomba ya nyuma tulilitoa kwa brashi, na friji tukaiacha hatua moja ndogo kutoka ukutani ipate hewa. Mtetemo ukaisha siku ile ile.

Zikabaki zile kelele mbili, na hapa napaswa kumtaja fundi mwingine, kijana aliyesomea kazi yake polytechnic, ambaye Mjomba mwenyewe alipendekeza aitwe. "Mimi najua friji ya utambi," alisema. "Hii ina waya. Mtafute mwenye testa."

Kijana huyo alinifunza jaribio ambalo kila mwenye nyumba anaweza kulifanya bila bisibisi. Friji yetu ni ya milango miwili, mtumba ulioletwa Mombasa kutoka Ulaya, na ndani ya aina hiyo kuna feni inayosambaza baridi. Feni hiyo huzima mlango unapofunguliwa, kwa kitufe kidogo kilicho kwenye fremu. Ukifungua mlango na kelele ikakatika, bonyeza kitufe hicho kwa kidole. Kelele ikirudi, umeshajua ni feni. Yetu ilirudi: krr, krr, krr. Ubao wa ndani ulipofunguliwa, barafu ilikuwa imejijenga hadi kuyafikia mapanga ya feni.

Barafu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka mtaani. Mlango unaofunguliwa na watu wengi huingiza hewa nyingi, na hewa ya delta ya Tana imebeba unyevu. Raba ya mlango nayo ilikuwa imechanika kwenye kona. Kijana alibana noti ya shilingi mia kati ya mlango na fremu akaivuta. Mahali penye raba nzima noti iling'ang'ania, penye mchaniko ilitoka bila kushikwa. Kila unyevu ulioingia hapo uliganda kwenye mabomba ya baridi. Friji za aina hii hujiyeyushia barafu zenyewe kwa hita ndogo na kumwaga maji kwenye kijitundu cha nyuma. Kijitundu chetu kilikuwa kimezibwa na punje za wali na magamba ya samaki. Maji hayakupata pa kutokea, yakaganda upya.

Tuliizima, tukaacha milango wazi, tukayeyusha kwa bakuli za maji moto, kijitundu tukakizibua kwa mrija mwembamba wa plastiki. Hatukutumia kisu. Nyumba nyingi za pwani zimepoteza friji nzima kwa kisu cha jikoni, kwa sababu chini ya barafu ile kuna bomba la alumini jembamba, na ncha ikilitoboa husikii hata mlio mkubwa, unasikia "sss" tu. Friji nyingi za kisasa hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo ni aina ya gesi inayoshika moto kama ile ya jikoni. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au juu ya kompresa. Soma kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuwasha moto wa kuunganishia karibu na friji yako. Zile za zamani kidogo zina R134a, isiyoshika moto lakini inayochangia joto la dunia, na ndiyo mojawapo ya gesi ambazo nchi za dunia zilikubaliana kuzipunguza kwenye mkutano wa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016.

Siku friji ilipozimwa, insulini ya Mama ilikaa mtungini. Si jambo la kubahatisha. Mtungi wa udongo uliowekwa juu ya mchanga uliolowa, kivulini penye upepo, hupoa kwa sababu maji yanayotoka kwenye vinyweleo vyake hubeba joto yanapovukizwa. Haufikii digrii 8, na siku ya unyevu mwingi hupoa kidogo tu, lakini unaizuia dawa isichemke. Chupa zilifungwa ndani ya mfuko mkavu kwanza. Tulikuwa tumeshafanya hivyo hivyo usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, na Mama ndiye aliyetufundisha.

Kelele ya tatu, ile ya usiku, ndiyo iliyonifundisha zaidi, pengine kwa sababu mimi ni mwalimu wa fizikia na niliifundisha miaka mingi ubaoni kabla ya kuisikia jikoni kwangu. Kijana alikataa kuitafuta mchana. Alirudi baada ya isha, akachomeka testa kwenye soketi. Mtandao wa Kenya ni wa volti 240. Kwetu ilisoma zaidi kidogo ya 180. Kila nyumba ilikuwa imewasha taa, televisheni na pasi, juu ya waya mrefu na transfoma ambayo mtaa umekua kuizidi.

Nguvu ya kuanzia ya mota ya friji hushuka kwa mraba wa volti. Volti zikibaki robo tatu, nguvu inabaki kidogo zaidi ya nusu. Kompresa inataka kuanza, haiwezi kuisukuma gesi iliyobanwa mbele yake, inavuma tu huku ikipata joto. Kuna kiswichi cha usalama ubavuni mwake ambacho joto hilo hukikunja, nacho hukata umeme: "ta!" Kikipoa kinafunga tena, na mvumo unarudi. Kiswichi hicho kilikuwa kinaiokoa kompresa usiku kucha, nasi tulikuwa tunakilaumu kwa kutuamsha.

Karibu nacho kuna relei ya kuwashia. Kijana aliichomoa, akaitikisa sikioni, akanipa nami niitikise. Ndani kulikuwa na vipande vinavyocheza. Relei ya aina hiyo ikiwa nzima haitoi sauti ikitikiswa. Ikilia, kile kisahani cha ndani kimepasuka kwa joto. Palikuwa pia na sisimizi wakavu pembeni mwake, maana wadudu hawa hupenda sehemu za umeme zenye joto. Kisha akapima nyaya tatu za kompresa. Usomaji wa jozi mbili ndogo ukijumlishwa unapaswa kulingana na wa jozi kubwa. Ulilingana. Hakuna waya uliogusana na gamba. "Kompresa yako ni nzima, mwalimu," akasema, na hakuongeza neno.

Relei mpya iligharimu shilingi mia chache. Tuliongeza kifaa wanachokiita friji gadi, kinachokata umeme volti zikishuka sana au kupanda sana, na kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha ili gesi ndani ya mabomba itulie. Ieleweke kwamba friji gadi haiongezi volti. Anayetaka kuziongeza anunue stabilaiza, na aende ofisini kuripoti transfoma ya mtaa wake pamoja na majirani zake, kwa maandishi.

Nilikaa nikiwaza juu ya mto wakati kijana akifunga vifaa vyake. Maji yaliyotuama uani mwetu yalikuwa yameshapita kwenye mitambo ya juu, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambako Tana huzalisha umeme tangu Kindaruma ilipofunguliwa mwaka 1968. Laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Rabai kwenda Lamu inapita Garsen. Mto ule ule unaosaidia kuiwasha friji ndio ulioivimbisha ardhi chini yake.

Nilimweleza Mjomba wazo hilo, naye akanijibu kwa habari ya Hola. Mwaka 1989 Tana ulihama mkondo ukaiacha stesheni ya pampu ya mradi wa umwagiliaji wa Hola mbali na maji, na mashamba yakafa kwa miaka mingi. Pampu hazikuwa na ubaya wowote, alisema, mto ndio ulioondoka. Mtu aliyekaa bondeni humu anajifunza kuitazama ardhi kwanza, kisha mashine. Naamini ndiyo maana mhudumu wa zahanati mwenye friji ya utambi aliona haraka kile ambacho mwenye vyombo vya gesi hakukiona.

Tangu hapo nawatoa wanafunzi wangu darasani kila tunapofika mada ya mitetemo. Kila mmoja huenda kusikiliza friji moja ya mtaani na kuniandikia kelele zake, si jina la ugonjwa. Inaanza lini, inakoma kwa nini, inabadilika ukigusa wapi. Wengi huanza kwa kuandika "kompresa mbovu", nami huwarudishia karatasi. Ugunduzi wanaorudi nao ni mdogo na wa kweli: chupa ya soda inayogongana na nyingine ndani ya mlango, sufuria iliyosahaulika juu, trei ya maji ya nyuma iliyochomoka, mjusi aliyeingia kwenye feni. Wanajifunza pia kwamba mlio wa maji yanayobubujika baada ya friji kuzima si ugonjwa, ni gesi inayosawazika, na kwamba plastiki hulia "tik" inapojikunja kwa baridi. Friji isiyotoa sauti yoyote ni ile ya utambi, nazo huku kwetu zimekwisha.

Miguu ya friji yetu tunaizungusha mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na kiangazi kikikolea. Sakafu bado inakwenda na kurudi, na itaendelea hadi tutakapopata pesa za kuchimba msingi upya.

Sasa nirudi kwa wateja, kama nilivyoahidi. Yule kijana, baada ya kupima kila kitu na kuniambia kompresa ni nzima, aliona haya kunitajia bei. Alizoea kuambiwa, "Umegusagusa tu, nikulipe nini?" Nimeisikia kauli hiyo Garsen, nimeisikia Malindi na Mombasa. Tunamlipa fundi kwa uzito wa kipuri alichokibeba, kisha tunashangaa kwamba kila fundi anabeba kompresa. Mwenye kutumia jioni nzima kusikiliza, kupima volti baada ya isha na kutuambia tusinunue kitu anarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake anajifunza kusema kile kinacholipa.

Ndugu msomaji, friji yako ikianza kulia, mwulize fundi bei ya kuichunguza peke yake kabla hujauliza bei ya kuitengeneza, mkubaliane, na umlipe hata asipofungua skrubu moja. Kompresa iliyohukumiwa kufa Februari ile ndiyo inayofanya kazi nyumbani kwetu hadi leo.